Aliyepata Kiharusi Apewe Kazi: Somo la Utengamao Majumbani

Ukipita nyumba kwa nyumba katika mitaa yetu ya Malapa, Mnyamani, Madenge na Kisiwani, hutakawia kukuta chumba cha ndani ambamo watu hupunguza sauti wanapoingia. Humo amelala mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa akienda sokoni Buguruni kwa miguu yake, akipatana bei na wauza mihogo, akirudi na kapu mkononi. Leo analishwa kwa kijiko na kubebwa kwenda msalani. Ukiuliza kulikoni, unajibiwa kwa neno moja: alipooza. Neno hilo huwa kama komeo la mlango. Likishatamkwa, hakuna anayeuliza zaidi.

Somo la toleo hili linataka kuliondoa komeo hilo. Sehemu ya udhaifu tunaouona chumbani humo imeletwa na kiharusi chenyewe, na hilo halina ubishi. Sehemu nyingine imeletwa na godoro. Na ipo sehemu ya tatu, ambayo ni vigumu kuitaja bila kuwaudhi watu wema: imeletwa na huruma yetu.

Nalisema hili nikiwa miongoni mwa waliokosea. Bibi yangu mzaa mama alipatwa na kiharusi asubuhi moja akichambua mchele barazani. Ungo ulimponyoka, upande wa kulia ukalegea, na maneno yakamtoka yakiwa yamevurugika. Alilazwa siku 9, kisha akaruhusiwa. Katika karatasi ya ruhusa paliandikwa dawa za shinikizo la damu na tarehe ya kurudi kliniki. Juu ya mazoezi hapakuwa na neno, nasi hatukuuliza kwa sababu hatukujua kwamba kuna la kuuliza. Tulipomfikisha nyumbani tukafanya kile ambacho kila familia yenye adabu ingefanya: tukagawana zamu. Mjukuu huyu alimlisha, yule alimwogesha, mwingine alimfunga khanga na kumchana nywele. Alipotaka kunyanyuka tulimshika mkono tukamvuta. Aliponyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, ili achukue kikombe, tulimwahi tukakishika sisi. Majirani walitusifu.

Mwezi wa tatu ulipoanza, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja ngumi isiyofunguka. Bega lilimuuma hata lilipoguswa na nguo. Na mguu wa kushoto, ambao kiharusi hakikuugusa kabisa, ulikuwa umekonda kama wa mtoto. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyemwona hatimaye, kijana wa rika la wajukuu zake, hakuanza kwa kupima miguu. Alichuchumaa mbele yake, akamwamkia, kisha akauliza: "Bibi, leo umefanya nini mwenyewe?" Bibi hakujibu. Alitugeukia sisi.

Kilichokatika ni amri

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa upelekao damu kichwani huziba kwa donge la damu, au hupasuka damu ikavuja, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiutegemea mshipa huo hufa. Ubongo nao huongoza mwili kwa kukingamana: upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu walio wengi huongoza pia usemi. Ndiyo maana aliyepooza upande wa kulia aghalabu hupoteza na maneno. Hajawa mjinga, wala hajarudi utotoni. Anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyasema, na anasikia vizuri sana mnapomjadili mbele yake.

Mkono uliolegea, kwa hiyo, hauna ugonjwa ndani yake. Mifupa ipo, misuli ipo. Kilichokatika ni amri kutoka juu. Na habari njema, ambayo sayansi imeithibitisha katika miongo ya karibuni, ni kwamba amri hiyo inaweza kutafuta njia nyingine. Tuchukue mfano wa Barabara ya Uhuru. Siku inapofungwa, daladala na bajaji huchepukia mitaani. Siku ya kwanza madereva hupotea, hurudi nyuma, hugombana. Baada ya majuma kadhaa kichochoro kile kimekanyagwa mpaka kimekuwa barabara. Lakini kimekuwa barabara kwa sababu magari yalipita. Laiti madereva wote wangeegesha na kungoja Barabara ya Uhuru ifunguliwe, kichochoro kingebaki na majani yake. Seli za ubongo zilizo jirani na sehemu iliyokufa hujifunza kazi mpya vivyo hivyo, kwa kupitiwa mara nyingi, kila siku, na mwenye mwili mwenyewe. Mkono ukisogezwa na mtu mwingine, viungo havikakamai, na hiyo ni faida. Ila ubongo haujifunzi kutoa amri ambayo haukuitoa.

Mwaka 2006 yalichapishwa huko Marekani matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 222 ambao kiharusi chao kilikuwa na umri wa kati ya miezi 3 na 9. Kwa majuma mawili, kundi moja lilivishwa glavu nene katika mkono mzima kwa muda mwingi wa saa za kuwa macho, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi, huku wakipewa mazoezi makali. Mkono dhaifu uliimarika kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwapo bado mwaka mmoja baadaye. Tahadhari: wagonjwa hao walichaguliwa kwa kuwa vidole vyao vilikuwa na mwendo kidogo, na walisimamiwa na wataalamu. Msiende kumfunga mzee mkono mzima kwa kitenge. Ninalitaja jaribio hilo kwa sababu linaivunja dhana tuliyoizoea, kwamba miezi mitatu ikipita bila nafuu basi mlango umefungwa. Ni kweli kwamba nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, na ndiyo maana kuipoteza ni hasara kubwa. Lakini baada ya hapo safari haiishi. Inakuwa ya polepole.

Godoro nalo lina madhara yake

Tumezoea kusema mgonjwa apumzike. Kwa malaria ya siku tatu, ni sawa. Kwa mzee, kulala mfululizo ni jambo la kuogofya. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Hawakuwa na kiharusi, wala homa, wala jeraha. Walipopimwa, walikuwa wamepoteza takribani kilo moja ya nyama ya miguuni. Sasa mfikirie aliyelala majuma 10, tena akiwa amepooza upande mmoja, tena akila uji mwepesi asubuhi na jioni kwa sababu hatafuni vizuri.

Kupungua kwa misuli ni mwanzo tu. Damu hutuama miguuni ikaweza kuganda. Mapafu hayapanuki, makohozi hubaki kifuani, nimonia huingia. Ngozi ya matakoni na visiginoni hukosa damu ikafanya vidonda, na vidonda hivyo huanza ndani kabla havijaonekana nje. Kifundo cha mguu hukaza kikielekea chini, hata siku mgonjwa anapopata nguvu ya kusimama, wayo haukanyagi sawasawa. Na moyo huvunjika: takribani mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona, nayo huondoa hamu ya kujaribu chochote.

Yatosha kusikiliza takwimu za wenzetu wa Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako wagonjwa 130 waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza walifuatiliwa kwa miaka. Takribani robo yao walifariki katika siku 28 za mwanzo. Ilipotimia miaka 3, waliofariki walikuwa wamefikia asilimia 60. Maana yake, vifo vilivyo vingi vilitokea baada ya zile siku ambazo ndugu hujazana hospitalini wakiwa na chupa za chai. Vilitokea wakati wa ukimya, wageni wakiwa wameshapungua.

Hai na Dar es Salaam zilichunguzwa pamoja, kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, katika utafiti mkubwa wa kuhesabu viharusi miongoni mwa wananchi majumbani, si hospitalini peke yake. Wagonjwa wapya 636 walipatikana: 453 katika eneo la Hai lenye watu 159,814, na 183 katika eneo la Dar es Salaam lenye watu 56,517. Kwa kuwa jiji letu lina vijana wengi, ilibidi watafiti wasawazishe umri ndipo hesabu zilinganishwe kwa haki. Walipofanya hivyo, Hai ilipata viharusi 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Takribani mara tatu. Anayedhani kwamba kiharusi ni ugonjwa wa nchi za ng'ambo, au wa matajiri wa maeneo fulani ya jiji, azisome tena namba hizo.

Imani, upepo na mafuta ya kuchulia

Katika jiji hili watu wengi hukitafsiri kiharusi kwa namna ya pekee. Watafiti waliozungumza na wakazi wa Dar es Salaam na wa Hai, na kuchapisha maelezo yao mwaka 2008, waliona kwamba huku kwetu wengi walikihusisha na mapepo na uchawi, ilhali Hai walikihusisha zaidi na shinikizo la damu, mafuta na mawazo. Halmashauri haina haja ya kumdhihaki mtu kwa imani yake. Anayetaka kumsomea mgonjwa dua, amsomee. Maombi hayazuii mazoezi. Tatizo ni saa zinazopotea siku ya kwanza, na majuma yanayopotea baadaye mgonjwa akizungushwa kutoka kilinge hadi kilinge huku kiwiliwili kikikakamaa.

Kuchua nako kunastahili neno. Kumpaka mgonjwa mafuta na kumpapasa taratibu humfariji na hulainisha ngozi. Kumchua kwa nguvu bega lililolegea, kulivuta na kulizungusha ili "mishipa ifunguke", huliumiza. Bega la aliyepooza halishikwi na misuli kama la mtu mzima, linaning'inia. Ukimvuta mkono ili anyanyuke, kama tulivyofanya sisi, unalichomoa kidogo kidogo kwenye maungio yake.

Jinsi ya kusaidia bila kupokonya

Kanuni ambayo yule kijana alitufundisha ni rahisi kuisema na ngumu kuitii: mgonjwa afanye analoweza, asaidiwe lililobaki, na msaada upunguzwe kila juma. Ugumu wake ni muda. Kumlisha mtu huchukua dakika 10. Kumwacha ajilishe huchukua 40, na nusu ya ugali inaishia mapajani. Binti mwenye kibanda chake pale Rozana, anayetakiwa kufungua saa 12 asubuhi, hana dakika 40. Sitajifanya sioni hilo. Ushauri ni kuchagua: kama asubuhi haiwezekani, basi mlo wa jioni uwe wa mgonjwa mwenyewe, na asiharakishwe.

Kabla ya chakula chochote, hata hivyo, hakikisheni kwamba uwezo wa kumeza umepimwa na mhudumu wa afya. Kiharusi huweza kudhoofisha koo, na chakula kikaenda njia ya hewa. Mgonjwa anayekohoa kila anywapo maji, au ambaye sauti yake huwa ya majimaji baada ya kumeza, arudishwe kituoni. Alishwe akiwa ameketi wima, kamwe asilishwe akiwa amelala, na abaki ameketi walau nusu saa baada ya kula. Maji mepesi aghalabu humpalia mtu kuliko uji mzito, jambo ambalo huwashangaza wengi.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na ngozi yake itazamwe kila siku. Anapolala, mkono uliopooza uwekwe juu ya mto, vidole vikiwa vimenyooshwa. Usiachwe chini ya kiwiliwili. Wapo wagonjwa, hasa waliopooza kushoto, ambao huusahau kabisa upande ule. Mtu huyo hula nusu ya sahani na kuuliza mbona chakula ni kidogo. Usimkasirikie. Keti upande huo unapozungumza naye, weka redio upande huo, mwite kutoka upande huo, ili ubongo wake ulazimike kugeuka.

Kuketi ni zoezi, tena kubwa. Mgonjwa anayeketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga sakafu, anafundisha mgongo, shingo na macho kwa pamoja. Kutoka hapo ndipo huja kusimama. Msaidizi asimame upande uliopooza, amshike kiunoni, au akamate khanga iliyofungwa imara kiunoni mwa mgonjwa. Asimshike kwapani, wala mkononi. Mgonjwa avute nyayo nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua ipite magoti, kisha ndipo ainuke. Watu wengi hushindwa kuinuka kwa sababu wanajaribu kwenda juu bila kwanza kwenda mbele. Mjaribu wenyewe, mtaona.

Kuhusu siku ya kuanza, haraka isiyo na mipaka si dawa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, lilionyesha kwamba kuwainua wagonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza idadi ya waliopona vizuri. Kwa hiyo siku za mwanzo kabisa wafuateni wauguzi na madaktari. Kosa letu mitaani si kuwahi, lakini. Ni kutokuanza kabisa.

Tuje kwenye choo, kwa sababu hapo ndipo heshima ya mtu mzima ilipo. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba vya kupanga vinavyotazamana, ukumbi katikati, na choo cha kuchuchumaa uani kinachotumiwa na kaya kadhaa. Aliyepooza hawezi kuchuchumaa. Matokeo yake huvalishwa nepi au huwekewa ndoo, naye huacha kunywa maji ili asiwasumbue wenzake, kisha hupata maradhi mengine. Dawa yake ni fundi seremala. Kiti imara cha mbao chenye tundu katikati na mikono pembeni, kinachowekwa juu ya shimo, kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa mtaani kwa mbao za kawaida. Ongezeni bomba la chuma au mti uliokazwa ukutani wa kushikia. Zungumzeni na mwenye nyumba na wapangaji wenzenu kabla. Katika nyumba ya kaya sita, kiti cha msalani ni jambo la kikao. Kizingiti kirefu cha mlango kipakwe rangi nyeupe kionekane, mkeka unaoteleza ukunjwe, taa ya ukumbini iwake usiku.

Kwa aliyepoteza usemi, msimkamilishie sentensi. Mwulizeni maswali ya ndiyo na hapana, mwonyesheni kitu badala ya kukitaja tu, zimeni televisheni. Waliokariri dua, sala au nyimbo tangu utotoni wakati mwingine huweza kuzitamka au kuziimba ilhali hawawezi kuomba maji. Bibi alianza na salamu: siku moja alipoamkiwa, "marahaba" ilimtoka nzima. Tulimwamkia siku hiyo mara nyingi kuliko adabu inavyotaka.

Baadaye alirudi kwenye mchele. Mkono wa kushoto ulichambua, wa kulia ulitulia juu ya ukingo wa ungo ili usiteleze. Hakurudia hali yake ya kwanza, na mchele wake ulikuwa na chuya. Ila alikuwa barazani, wapita njia walisimama kumjulia hali, na jioni alikuwa na jibu kwa lile swali la kijana.

Wazee ambao hawakupata kiharusi

Yote haya yanawahusu pia wazee wazima. Mzee huanza kwa kuacha kwenda sokoni, kisha huacha kwenda msikitini au kanisani, kisha baraza, kisha huishia kitandani, na kila hatua tunaiita uzee. Mara nyingi ni misuli iliyokosa kazi. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston kwa wakazi 100 dhaifu wa nyumba ya kulelea wazee, wastani wa umri wao ukiwa miaka 87. Waliofanya mazoezi ya nguvu za miguu kwa majuma 10 waliongeza nguvu za misuli hiyo zaidi ya maradufu, na mwendo wao ukaongezeka kasi. Wenye miaka 87! Tulio na wazazi wa miaka 65 tunaowakataza kuinua ndoo ndogo hatuna budi kutafakari.

Kipimo cha nyumbani kipo. Egesha kiti kisichoyumba ukutani. Vile viti vyepesi vya plastiki vinavyofunguka miguu havifai. Mzee akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara 5, mtu akiwa karibu naye. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa bila kujishika, yumo katika hatari ya kuanguka na anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Uzuri ni kwamba kipimo hicho ndicho pia zoezi: kuinuka na kuketi mara chache asubuhi, mchana na jioni, akiongeza kidogo kila juma, na akiacha mara moja apatapo maumivu ya kifua au kizunguzungu. Naongeza jambo ninaloliona mara kwa mara. Wazee wetu waliozoea kuketi mkekani, kurukuu na kusujudu, wamekuwa wakifanya mazoezi ya magoti na nyonga bila kuyaita hivyo. Kumletea mzee kiti ni heshima, na mgonjwa ana ruhusa ya kuswali akiwa ameketi. Lakini mzee anayeweza bado kushuka na kuinuka asikatazwe kwa kuhurumiwa.

Pa kwenda, na maneno ya kusema

Huduma hizi kwa lugha ya wizara huitwa utengamao. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziziingize katika mfumo wa kawaida wa afya, badala ya kuziacha kama anasa ya wachache. Kwa mkazi wa Buguruni njia huanzia kituo cha afya cha kata, ambako mgonjwa hupimwa na kuandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana. Wenye mahitaji makubwa zaidi hupelekwa Muhimbili. CCBRT, Msasani, hutoa huduma za utengamao pamoja na vifaa saidizi.

Msiondoke wodini bila kuuliza: mgonjwa ataonwa lini na mtaalamu wa fiziotherapia? Mmoja wetu anaweza kufundishwa, hapa hapa kitandani, jinsi ya kumgeuza, kumketisha na kumsimamisha? Kumeza kwake kumepimwa? Ulizeni kwa upole na kwa kusisitiza, na majibu yaandikwe kwenye karatasi ya ruhusa.

Wala familia isidhani kwamba ikishafundishwa inaweza kumaliza kazi peke yake. Nchini India, hospitali 14 ziliwafundisha ndugu wa wagonjwa kufanya mazoezi nyumbani. Wagonjwa walikuwa 1,250, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi 6, vifo na utegemezi havikuwa vimepungua kuliko kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Ninavyousoma mimi utafiti huo, unatuonya sisi watumishi wa umma kuliko unavyowaonya wananchi: mwongozo mmoja haumtoshi mama anayeuguza, anahitaji mtaalamu anayerudi kuona na kurekebisha. Kwa hiyo tarehe za kliniki ya mazoezi zipewe uzito uleule wa tarehe za dawa, hata kama bajaji ya kwenda na kurudi inauma mfukoni.

Wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo kwa mujibu wa sera. Utambuzi wao huanzia ofisi ya serikali ya mtaa na kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na vituoni watumie dirisha la wazee. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu ajisajili pia, kwa kuwa katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na cherehani au meza ya biashara inaweza kuwa mazoezi mazuri kuliko mengi.

Imebaki shinikizo la damu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa kata ya Ilala, mwendo mfupi kutoka kwetu, walipimwa majumbani mwao. Karibu watu wazima 3 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu. Miongoni mwao, waliokuwa wanajijua hawakufika theluthi, wala robo. Walikuwa chini kidogo ya asilimia 20. Waliokuwa wakitibiwa ni takribani asilimia 10, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika asilimia 1. Shinikizo haliumi, na dawa zake haziachwi kwa sababu mtu "anajisikia vizuri". Aliyepata kiharusi mara moja yumo katika hatari ya kukipata tena, hivyo dawa na mazoezi huenda pamoja.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, saa itazamwe na mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, bila kumpa chakula wala kinywaji njiani. Na siku ya kumpeleka kliniki ya utengamao kwa mara ya kwanza, chukueni karatasi ya ruhusa, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, fimbo au kifaa chochote anachotumia, viatu vilivyofungwa nyuma badala ya kandambili, na yule ndugu anayelala naye chumba kimoja, hata kama ndiye mdogo kuliko wote, kwa kuwa ndiye atakayeonyeshwa jinsi ya kumshika.